Ameanguka au Amegongwa? Maana ya namba zinazoandikwa hospitalini

Mama mmoja mzee wa parokia yetu alitujia siku moja baada ya Misa ya kwanza akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi tatu zilizochapwa stesheneri kutoka kwenye simu. Mwanae anaishi Marekani, katika jimbo la Texas, pamoja na mke na watoto, na mjukuu mmoja wa miaka 12 alikuwa ameumia. Karatasi zilitoka hospitali aliyotibiwa. Mama hakusumbuliwa na Kiingereza, kwa kuwa yupo kijana jirani aliyemsomea. Kilichomkosesha usingizi ni namba zilizokuwa pembeni: S52.502A, V00.131A, na katika karatasi ya pili S36.030A na V03.12XA. Akatuuliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, hizi ni namba za polisi? Mjukuu wangu ana kesi?"

Tulimjibu kwamba hana kesi. Lakini tulipoketi naye na kuzisoma karatasi zile moja baada ya nyingine, tuliona kwamba zinasimulia jambo ambalo kila mzazi angefaa kulijua, hata yule ambaye hatafika Marekani maishani mwake. Kwa hiyo tumeomba ruhusa yake tulieleze hapa, bila kutaja majina.

Kwanza tuseme sketibodi ni nini, maana si wote tunaoifahamu. Ni ubao mwembamba, mrefu kiasi cha mkono wa mtu mzima au zaidi kidogo, wenye magurudumu manne madogo chini yake. Mtoto husimama juu yake kwa mguu mmoja, akasukuma ardhi kwa mguu mwingine, kisha akateleza. Hauna usukani wala breki. Mchezo huu ulianzia California katika miaka ya 1950, na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 ulichezwa rasmi kwa mara ya kwanza. Afrika Mashariki nayo imeufahamu: huko Kitintale, Kampala, vijana wana uwanja wao wa saruji wa kuteleza. Na hata pale ambapo hakuna sketibodi ya dukani, ni nani asiyewajua watoto wanaofunga beringi kuukuu za gari chini ya ubao na kushuka nao mlimani?

Sasa turudi kwenye karatasi. Siku ya ajali, jioni, kijana alifika nyumbani ameshika kifundo cha mkono wa kushoto. Akawaambia wazazi, "Nimeanguka kwenye sketibodi." Wakampeleka hospitali. Daktari akauliza, kijana akarudia maneno yale yale. Wakapiga picha ya mkono, wakaona mfupa umevunjika karibu na kiganja, wakaufunga, wakamruhusu kurudi nyumbani. Karatasi ya kwanza ikaandikwa hivyo. S52.502A ni mfupa wa mkono, ule wa upande wa kidole gumba, umevunjika sehemu ya chini, mkono wa kushoto. V00.131A ni kuanguka kutoka kwenye sketibodi.

Siku ya pili yake kijana alilalamika kwamba tumbo linamuuma upande wa kushoto chini ya mbavu, na hata bega la kushoto linamuuma ingawa bega halikuumia. Uso ukaanza kupauka. Mama yake akamketisha akamwuliza taratibu, ndipo kijana akalia na kusema kweli. Hakuanguka mwenyewe. Alikuwa akiteleza katika barabara ya mtaa, mahali ambapo baba yake alimkataza kabisa, na gari dogo likamgonga ubavuni. Dereva alisimama, akamwuliza kama ni mzima. Kwa hofu ya baba, mtoto akajibu kwamba ni mzima, akaokota ubao wake, akakimbia.

Walimrudisha hospitali mara moja. Safari hii daktari alipopata neno "gari" alitafuta mambo mengine, akakuta wengu umechanika kidogo juujuu na damu inavuja ndani ya tumbo. Hiyo ndiyo S36.030A. Wengu ukivuja damu, damu hiyo hugusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yakasikika begani. Kijana alilazwa siku kadhaa akiangaliwa kwa karibu, akapona bila kupasuliwa, kama inavyotokea kwa watoto wengi wenye jeraha dogo la namna hiyo. Na kwenye karatasi ya pili, mahali pa "ameanguka" pakaandikwa V03.12XA: mtu aliye juu ya sketibodi, amegongwa na gari dogo, pikapu au vani, katika ajali ya barabarani.

Namba mbili hizo za V zinatofautiana kidogo kwa kuziangalia. Lakini kati yake ulikuwapo uhai wa mtoto.

Hebu tueleze sababu. Mtoto anayeanguka kutoka kwenye sketibodi hutanguliza mikono kujikinga, kwa hiyo daktari huangalia kifundo, kiwiko na kichwa. Gari linapomgonga mtoto mambo ni mengine. Bampa humpiga mguuni, mara nyingi pajani kwa sababu ya ufupi wake. Boneti au ukingo wa gari humpiga kifuani au tumboni. Kisha hurushwa, na kichwa kikapiga lami. Madaktari wa ajali hufundishwa kutafuta mambo matatu pamoja: paja, kiwiliwili na kichwa, hata kama mtoto analia kwa ajili ya mkono tu. Tena mwendo wa gari ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo haiongezeki mara mbili tu bali mara nne. Daktari aliyeambiwa "ameanguka" hana makosa akiangalia mkono na kumruhusu mgonjwa. Alitibu habari aliyopewa.

Namba hizi zinatoka wapi? Wataalamu huziita misimbo. Mwaka 1893, katika mkutano uliofanyika Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon alileta orodha ya sababu za vifo ili nchi mbalimbali ziweze kuhesabu kwa namna moja. Kabla ya hapo kila nchi iliita ugonjwa kwa jina lake, na haikuwezekana kulinganisha. Orodha ile iliendelea kusahihishwa, na mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua katika toleo lake la sita, ambalo halikuorodhesha vifo tu bali pia magonjwa na majeraha. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990. Toleo la kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa nchi zinahamia humo polepole, kila moja kwa nafasi yake. Wamarekani walilichukua toleo la kumi wakaliongezea vipengele vingi mno, na hospitali zao zinatumia orodha yao hiyo tangu tarehe 1 Oktoba 2015.

Ndiyo maana msimbo wa Marekani ni mrefu hadi alama saba. Tuusome ule wa V03.12XA. V03 ni mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari dogo, pikapu au vani. Tarakimu 1 inayofuata ni kusema kwamba ilikuwa ajali ya barabarani. Ingekuwa uani au katika maegesho ya magari ingekuwa 0. Tarakimu 2 ni sketibodi. X haina maana yoyote, imewekwa kujaza nafasi tupu ili herufi ya mwisho ikae mahali pake pa saba. Na A ni kwamba mgonjwa bado yuko katika matibabu yenyewe ya jeraha. Wengi hudhani A ni "safari ya kwanza hospitalini", lakini sivyo hasa. Mgonjwa aliyerudi siku ya pili kutibiwa jeraha lile lile bado ni A. Akifika wakati wa kuangaliwa tu jinsi anavyopona, herufi inakuwa D. Na kama miaka ikipita akabaki na ulemavu au maumivu yaliyotokana na ajali ile, inakuwa S.

Msomaji makini atauliza: mtoto alikuwa amesimama juu ya ubao wenye magurudumu, iweje aitwe mtembea kwa miguu? Swali zuri. Katika orodha hii, mtembea kwa miguu ni kila aliyehusika katika ajali ambaye wakati ule hakuwa ndani au juu ya gari, pikipiki, baiskeli, treni, mnyama na vyombo vya namna hiyo. Kwa hiyo anayeteleza kwa sketibodi ni mtembea kwa miguu. Mlemavu katika kiti cha magurudumu ni mtembea kwa miguu. Mtu anayesukuma mkokoteni, naye ni hivyo hivyo. Hata utingo aliyeinama kando ya lori akibadilisha tairi na kugongwa, kwa hesabu hii ni mtembea kwa miguu. Sisi tuliona jambo hilo kuwa la ajabu kidogo, lakini tulipofikiri tukaona lina maana: hao wote hawana bati linalowakinga.

Katika toleo la Shirika la Afya Duniani, lile lisiloongezewa mambo ya Kimarekani, sketibodi haina namba yake peke yake. Mtoto akianguka mwenyewe anaandikwa W02, pamoja na wale wanaoanguka wakiwa na viatu vya kutelezea barafuni au viatu vya magurudumu. Akigongwa na gari dogo anaandikwa V03, sawa na mtoto aliyekuwa akivuka barabara kwenda shule. Akigongwa na bodaboda au bajaji ni V02. Akigongwa na basi au lori ni V04. Abiria aliyekuwa juu ya bodaboda yuko katika kundi la V20 hadi V29, aliyekuwa ndani ya bajaji V30 hadi V39, na aliyekuwa ndani ya basi V70 hadi V79. Ipo hata tarakimu ya mtu aliyeumia akipanda au kushuka, na nyingine ya mtu aliyekuwa nje ya gari akining'inia. Makondakta wa daladala na matatu wasidhani wamesahauliwa.

Lililo muhimu ni kwamba namba ya V haisimami peke yake. Namba ya S hueleza mwili umeumiaje, na namba ya V au W hueleza kilichosababisha. Ya sababu haitangulii kamwe. Hufuata nyuma ya jeraha. Marekani huongeza nyingine za kueleza mahali na kazi aliyokuwa akifanya mtu. Katika karatasi ya mjukuu tuliiona Y93.51, ambayo ni kucheza sketibodi au viatu vya magurudumu. Si kila hospitali huko inalazimishwa na sheria ya nchi nzima kuandika namba za sababu. Hutegemea jimbo na bima inayolipa.

Hapo tukafika kwenye karatasi ya tatu, ambayo ndiyo iliyomtisha mama zaidi. Ilitoka kwa kampuni ya bima ya afya, nayo iliuliza maswali: Ajali ilitokea wapi? Je, mtu mwingine alihusika? Je, gari lilihusika? Mama alidhani familia inatuhumiwa kwa uongo, kwa kuwa karatasi moja inasema ameanguka na nyingine inasema amegongwa. Tulimweleza kwamba barua za namna hii ni za kawaida kule. Bima ya afya inapoona namba za majeraha hutaka kujua kama yuko mwingine anayepaswa kulipa, kwa mfano bima ya gari lililogonga. Ikiandikwa "ameanguka", mzigo unabaki kwa familia na bima yao. Ikiandikwa "amegongwa na gari", njia nyingine inafunguka.

Basi afanye nini mzazi aliye katika hali hiyo? Asifiche, wala asiombe karatasi ya kwanza ichanwe. Mwandishi wa misimbo hospitalini hamwoni mgonjwa. Yeye husoma yaliyoandikwa na daktari na wauguzi, akageuza maneno kuwa namba. Hawezi kubuni gari lisiloandikwa. Kwa hiyo anayepaswa kuambiwa ni daktari. Daktari huongeza maelezo mapya katika jalada, yenye tarehe ya siku aliyoyaandika, akieleza kwamba siku ya kwanza mtoto alisema hivi na baadaye akasema vile. Maelezo ya zamani hubaki palepale. Mwana wa mama yule alifanya hivyo, kisha akajibu maswali ya bima kama mambo yalivyokuwa, pamoja na woga wa mtoto. Na tuseme wazi: kama kweli mtoto ameanguka tu, ni kosa kutafuta namba ya gari ili kupata fedha za dereva.

Huenda msomaji aliyeko kijijini anajiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Hapa kwetu Tanzania zahanati na hospitali huandika wagonjwa katika vitabu vya MTUHA, na hesabu hizo hupanda wilayani, mkoani na taifani. Mtoto aliyegongwa na bodaboda mbele ya shule, akaandikwa "jeraha la mguu" basi, amehesabiwa kama mguu. Barabara ile haikuhesabiwa. Wakifika watu wa kupanga mahali pa kuweka matuta au kivuko, hawaoni kitu kwenye karatasi, ingawa kila mama wa mtaa ule anajua ni watoto wangapi wameumia pale. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hesabu kama hizo hutoka kwenye vitabu vya namna hii, na pale ambapo vitabu vina mapengo watu hulazimika kukadiria.

Kwa hiyo unapompeleka majeruhi, sema mambo haya bila kungoja kuulizwa: alikuwa akifanya nini, alikuwa juu ya chombo gani au kwa miguu, amegongwa na nini, ni barabarani au uani, alirushwa au alibanwa, alipoteza fahamu au hakupoteza, na ni saa ngapi. Kama hukuwapo, mlete aliyeshuhudia, hata kama ni mtoto mwenzake. Katika ajali ya gari itatakiwa pia fomu ya polisi, ile PF3. Lakini mgonjwa anayevuja damu au aliyezimia afikishwe kwa mganga kwanza, na ndugu mwingine aende kituoni kuishughulikia fomu.

Na mtoto akisharudishwa nyumbani, mwangalieni siku mbili tatu. Akitapika mara kwa mara, akiwa na usingizi usio wa kawaida, kichwa kikizidi kuuma, akichanganya maneno, akipata degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au maji meupe yakimtoka puani au sikioni, arudishwe hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo tumbo likiuma na kukaza, bega likiuma bila kuumia, akipauka, akitokwa jasho la baridi, au mkojo ukiwa na damu. Msimpe dawa ya maumivu na kungoja asubuhi.

Kuhusu sketibodi zenyewe, madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mtoto chini ya miaka 5 asiipande kabisa, na wa miaka 6 hadi 10 asimamiwe na mtu mzima wakati wote. Kofia ngumu ya kichwani ni ya lazima, pamoja na vikinga vya viwiko, magoti na vifundo. Na asicheze mahali penye magari. Ubao wetu wa beringi unastahili masharti hayo hayo, tena zaidi, kwa sababu hauna hata mpira wa kupunguza mwendo.

Jambo moja tulilibishana na mama, nalo ni adhabu. Yeye aliona kijana angepaswa kuchapwa kwa kudanganya. Sisi tulimwambia kwamba hofu ya kuchapwa ndiyo iliyokaribia kumwua. Kama mtoto angejua kwamba akisema "gari limenigonga" kitakachofuata kwanza ni hospitali na si fimbo, wengu ule ungeonekana siku ya kwanza. Mama alinyamaza kidogo, akasema kwamba wakati wake mambo hayakuwa hivyo. Hatukumbishia zaidi.

Wiki sita hivi baadaye alirudi na karatasi ya nne. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa jeraha, S52.502D, na tarehe ya kuondolewa plasta. Alikuwa ameshaitafuta herufi ya mwisho yeye mwenyewe kwa miwani yake. Akatuonyesha kwa kidole, akauliza kama tulivyomwambia ndivyo ilivyo, kwamba hiyo D ni ya mtoto anayepona.